Baruti Ikilowa: Kuisoma Kinjeketile Ukiwa Dodoma

Kuna swali linaloulizwa karibu kila mahali ninapoikuta Kinjeketile ikisomwa, iwe darasani, iwe kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp vya wapenzi wa vitabu. Mtu anauliza, huku ameshaanza kucheka: "Hivi kweli wazee wetu waliamini kabisa kwamba risasi itageuka maji?" Swali hilo halitafuti jibu. Jibu limo ndani ya kicheko: walikuwa hawaijui bunduki, masikini, ndo maana. Baada ya hapo mjadala unahamia kwenye imani na sayansi, ujinga na elimu, na kitabu kinafungwa.

Nafundisha fasihi hapa Dodoma na swali hilo limenichosha. Leo nataka kulibishia kwa njia ambayo sijaona wahakiki wetu wakiitumia, yaani kupitia bunduki yenyewe. Watu wale waliijua bunduki. Ila bunduki waliyoizoea wengi wao ni gobori (gobore, kama magazeti yanavyopenda kuandika), ile ya kushindilia kwa mdomoni, na anayeijua gobori hawezi kucheka akisikia maji yakitajwa karibu na risasi.

Tuanze na tamthilia, maana ndiyo inayosingiziwa. Ebrahim Hussein aliitoa mwaka 1969, miaka zaidi ya 60 baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwenyewe anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, si nakala ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Sasa hebu mfuate huyo wa kwenye tamthilia ukiwa na swali la bunduki kichwani. Shaka lake linaanzia wapi? Halianzii kwenye risasi. Linaanza pale anapoambiwa maneno aliyoyasema akiwa amepandwa na pepo, kwamba baada ya kumtoa Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja. Hapo ndipo anaposhtuka. Anajiuliza ni nani hasa aliyesema kupitia kinywa chake, na kama watu wanakimbia mtawala mmoja kumkimbilia mwingine. Ni shaka la kisiasa. Kuanzia hapo anataka vita vicheleweshwe, watu wajiandae, makabila yaungane kwanza. Watu hawamsubiri. Wanakwenda.

Ukisoma hivyo, kicheko cha "hawakuijua bunduki" hakina pa kushika. Hussein hakuwachora watu wasiojua kinachotoka kwenye mtutu. Kitunda, ambaye ndiye anayewafunza wapiganaji, ni mtu wa mashaka na mahesabu tangu mwanzo. Tumekiingiza kicheko hicho sisi wasomaji, na nadhani tumekiingiza kwa sababu tunaposikia neno bunduki kichwani kwetu inakuja ile ya kwenye filamu: unavuta kifyatulio, inalia, mtu anaanguka.

Maandishi yetu yenyewe yamechangia hapo. Fasihi ya Kiswahili ina bunduki nyingi, lakini karibu zote ni mlio tu. Zinalia usiku, zinatikisa mji, zinaua, ukurasa unafunuliwa. Ni mara chache mwandishi anakaa na mtu anayejaza. Lugha yetu lakini haikuwa hivyo. Fungua kamusi za zamani, ile ya Johnson ya mwaka 1939 kwa mfano, uone jinsi Waswahili walivyoigawa bunduki vipande vipande kwa majina: bunduki ya mrao, ya kuwashwa kwa utambi, gumegume, ya jiwe la kutoa cheche, fataki, kile kikofia kidogo cha kulipukia, mdeki, ile fimbo ya kusukumia, marisaa, vipande vidogo vidogo vya kutawanya, korofindo, jina jingine la bunduki kuukuu ya kushindilia. Haya ni maneno ya watu walioishika na kuisafisha. Leo fataki ukiitaja kwa vijana watakuambia ni mtu mzima anayetongoza watoto wa shule, shukrani kwa yale matangazo ya redioni. Na kushindilia tumekubakiza kwenye ugali na kwenye hoja.

Kwa hiyo kabla ya kuendelea na Kinjeketile, niwaeleze kushindilia ni nini, maana niliwahi kukushuhudia.

Upande wa Hombolo kuna mzee tunapakana naye shamba. Ana gobori na ana kibali chake, kilichowekwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa mara mbili kama hati ya kiwanja. Anaitumia kwa ngedere na nguruwe pori mtama ukianza kukomaa. Mwaka juzi alipata mtutu mwingine badala ya ule uliokuwa umeliwa na kutu, akasema hawezi kwenda nao shambani kabla hajajua unataka nini. Ndivyo alivyosema: unataka nini. "Njoo uone, mwalimu, wewe si unafundisha mambo ya zamani."

Aliegemeza ubao mzito kwenye kichuguu, akahesabu hatua 40. Kipimo chake cha baruti kilikuwa ganda tupu la risasi ya kizamani alilolikwaruza alama mbili kwa msumari. Akaanza na kiasi kidogo, chini ya alama ya kwanza. Baruti ikaingia mdomoni mwa mtutu, akagonga kitako chini taratibu ili ishuke, kikafuata kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake risasi ya duara ya madini ya risasi, halafu mdeki. Anasukuma, anasukuma, mpaka mdeki unagota. Kwenye mdeki kuna alama pia, akitazama anajua kama risasi imekalia baruti au imebaki njiani na kuacha nafasi, na alisema nafasi hiyo ndiyo inayopasua mitutu na kutoa watu vidole. Fataki inawekwa mwisho kabisa. Nilitazama saa: tangu kipimo hadi mlio ilikuwa zaidi ya dakika moja, na huyu ni mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujana.

Ile ya kwanza ilipiga chini kabisa ya ubao. Akarudia mara tatu kwa kiasi kilekile, maana mara moja haimwambii kitu. Zote chini, lakini karibu karibu. Akapandisha hadi alama ya kwanza: zikapanda, zikakaa pamoja ndani ya nafasi ya sahani ya chai. Akapandisha hadi ya pili. Jamani, mlio ulikuwa mkubwa, moshi ukatufunika, bega lake likarudi nyuma, na risasi moja ikakosa ubao kabisa huku nyingine ikiugusa pembeni. Chini mbele ya mtutu kulikuwa na chembe nyeusi ambazo hazikuungua. Alinionyesha kwa kidole. Ile baruti ya ziada ilikuwa imetoka nje bila kufanya kazi, imeongeza kelele tu.

Kisha akajaribu risasi bila kitambaa, na tukaona nguvu inavyopotea: hewa ya moto inapita pembeni mwa risasi, risasi inatoka kivivu na kwenda inakotaka. Akajaribu vipande vya nondo, ambavyo ndivyo wengi vijijini wanavyotumia kwa kukosa kingine. Vilichana ubao kama kucha za paka, hapa na pale, na akasema vinakwaruza mtutu kwa ndani, hatavitia tena. Kila baada ya risasi chache alipitisha kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu, kikavu tena, akikitazama kila kinapotoka. Bila hivyo masizi yanajaa na risasi haishuki. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha baruti, risasi inabaki ileile. Akibadilisha risasi, anarudi kwenye kipimo kilichokwisha kujulikana. Mtu huyu aliishia darasa la nne.

Mwisho akafungua pembe nyingine ya baruti iliyokuwa imelala bila kufungwa vizuri, usiku uliotangulia kukiwa na manyunyu. Akapima, akashindilia, akalenga, akavuta. Fataki ikalia peke yake, ta! Kimya. Hakuishusha bunduki. Alikaa vilevile mtutu umeelekea kwenye kichuguu, dakika nzima, labda zaidi, kwa sababu baruti yenye unyevu inaweza kuamua kulipuka baadaye. Halafu akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesema chai imepoa: "Maji yameila."

Maji yameila. Hapo nikakumbuka vijana wangu na kicheko chao.

Sasa rudi kwenye miaka ile. Bunduki za aina hii zilikuwa zimemiminika bara kwa miaka mingi. Balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Mataifa yalipokutana Brussels na kutia saini mkataba wa mwaka 1890, yalizuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, lakini yakaacha mlango wazi kwa aina moja: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani ile mbovu ndiyo iliyoruhusiwa. Kwa hiyo mtu wa Matumbi au wa Ungindo mwaka 1905 anapotaja bunduki iliyo mkononi mwake au mwa jirani yake, anataja kitu kinachohitaji ukavu kuliko kinavyohitaji ushujaa. Amewahi kuiona ikikataa. Amewahi kumwona mwindaji akirudi mikono mitupu kwa sababu ya umande. Kwamba maji yana uwezo juu ya bunduki ni jambo analolifahamu kwa mikono yake. Dawa ya vita ilianzia kwenye jambo la kweli na kulivusha mbali.

Msomaji mwenye gobori atakiona pia kitu kingine ambacho sisi wengine tunakipita. Katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na akina Gwassa na Iliffe mwishoni mwa miaka ya 1960, Kinjikitile anazama kwenye bwawa, watu wanamtafuta hawamwoni, na anapotoka nguo zake ni kavu. Tumezoea kuusoma muujiza huo kwa macho ya dini: nabii amezama, amerudi. Sawa. Lakini jiulize kwa nini wasimulizi walihakikisha wanasema kuwa nguo zilikuwa kavu. Kuingia majini na kutoka mkavu ndicho hasa baruti isichokiweza. Aliyetoka hivyo amekipata kile ambacho kila mwenye bunduki anakitafuta masika yote. Hii ni tafsiri yangu, na sidai kwamba wasimulizi waliifikiria hivyo neno kwa neno. Nadai kwamba picha hiyo ilikuwa na uzito kwa wasikilizaji wa wakati ule ambao kwetu umepotea, kwa sababu hatujawahi kukausha baruti juani.

Kuna mtu atasema: wewe unatuletea Matumbi na Rufiji, Dodoma inaingiaje? Vita vya Maji Maji kweli vilikuwa vya kusini. Lakini uwanda huu wa kati ndio ulionifundisha kuyaweka maji na baruti kwenye mizani moja, na maandishi yake yapo.

Misafara yote ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na Ugogo ilitozwa hongo. Kabla ya kufika kwa Wagogo msafara ulilazimika kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa baada ya Mpwapwa. Wanatoka huko wamekauka midomo, mbele yao kuna visima, na visima vina wenyewe. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuwa na orodha ndefu ya silaha aliyoiandika mwenyewe kitabuni: bunduki za kisasa kadhaa, bunduki ya tembo, na gumegume 24 za walinzi wake. Silaha zote hizo, na bado alilipa hongo kila himaya, vitambaa juu ya vitambaa, huku akinung'unika kurasa nzima. Burton alikwisha kunung'unika vilevile kabla yake, na mtemi Magomba wa Kanyenye anatajwa na wote wawili. Ukiwasoma wazungu hawa utadhani hongo ni uroho tu wa watemi. Ukikaa Dodoma, ambako mwaka mzima tunapata mvua ya milimita 500 hadi 600 na miezi karibu saba hatuoni tone, utaelewa mtemi alikuwa anauza nini. Angeweza kufukia visima au kuwaondoa watu na mifugo yao, na bunduki mia zisingechimba maji.

Namshangaa kidogo Mathias Mnyampala, ambaye ni wa kwetu, mzaliwa wa Ihumwa mwaka 1917, kwamba wasomaji wengi wanamjua kwa ngonjera pekee. Kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo, cha mwaka 1954, ndicho kinachotakiwa kulazwa mezani kando ya Stanley. Stanley anaandika kama mtu anayezuiwa njiani. Mnyampala anaandika kutoka upande wa wenye njia: koo, watemi, na jinsi nchi ilivyoshikwa. Mjadala wa hongo ukifanywa na kitabu kimoja tu kati ya viwili hivyo, ni kesi iliyosikilizwa upande mmoja.

Na yupo Tippu Tip. Tawasifu yake, aliyoitunga kwa Kiswahili na ikachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni moja ya kazi za nathari ninazozipenda sana na ninazozipenda kwa taabu, kwa sababu mwandishi ni hodari na mambo anayoyasimulia mengi ni ya kutisha. Ana kisa kimoja cha Kongo ambacho hakinitoki. Anafika kwenye watu ambao hawajawahi kuona bunduki. Wanauliza: hii ni michi ya kutwangia? Na watu wake wanaitikia, ndiyo, michi. Anakisimulia kwa ukavu, bila kucheka, na msomaji wa leo anacheka kwa niaba yake: tazama washamba hao! Lakini fikiria gobori tena. Chombo chenye tumbo, unatia kitu ndani, unachukua fimbo unasukuma na kushindilia. Ukimtazama yule mzee wa Hombolo kwa mbali bila kusikia mlio, utasema anatwanga. Wale watu walikuwa wameitazama ile kazi kwa makini na kuipatia jina la karibu kabisa walilokuwa nalo. Walichokosa ni habari ya kitakachofuata, na aliyekuwa nayo aliwaficha. Ndiyo maana kisa kile kinaniuma: cheko lote limejengwa juu ya uongo wa mwenye silaha. (Tippu Tip alifariki Unguja mwezi Juni 1905. Mwezi uliofuata pamba iling'olewa Nandete na vita vikaanza. Sina la kuongeza hapo, ni tarehe tu zilizokaribiana.)

Kuna pingamizi moja zito kwa haya yote, na silikwepi. Wajerumani hawakuja na gobori. Askari wao mwaka 1905 wengi walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi iliyofungwa ndani ya ganda la shaba, baruti haionekani wala hailowi. Na watu walikuwa wameshaziona bunduki hizo. Wahehe walimwangusha Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kuondoka na mamia ya bunduki hizo za kisasa. Kwa hiyo huwezi kusema kusini nzima ilidhani Mjerumani ana gobori.

Nakubali. Lakini tazama Lugalo ilishindwaje na nani. Wahehe walijificha vichakani hadi msafara ulipokuwa katikati yao, wakavamia kwa mikuki kabla askari hawajajipanga, silaha kubwa zikiwa bado zimefungwa juu ya punda. Walipigana ndani ya ule muda wa kujaza. Hiyo ni akili ya watu wanaojua kwamba bunduki yoyote ina dakika ambayo ni fimbo tu. Kuiona bunduki mpya ni jambo moja, na kuacha kuifikiria kwa kipimo cha ile ya zamani ni jambo jingine. Vichwa vya watu vinabadilika polepole kuliko viwanda. Sisi wenyewe tunaita simu zetu simu, wakati kupiga simu ndiyo kazi zinayoifanya kidogo kuliko zote.

Kilichotokea Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 ndicho kilichofuta mazoea hayo kwa siku moja. Watu walisogea kwenye boma mchana kweupe, wengi mno, na bunduki za rashasha zikawasubiri. Gobori inapiga, inanyamaza, na katika kunyamaza huko mtu anakimbia hatua 40 na kukufikia na mkuki. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa silaha waliyoizoea. Rashasha hainyamazi. Sioni la kuchekesha kwenye hesabu sahihi iliyokutana na kitu kilichotengenezwa kuivunja.

Nikirudi kwa Hussein, ninachokiona sasa kwa nguvu zaidi ni ule ugomvi wa kusubiri. Wengi wanausoma kama udhaifu wa Kinjeketile: ameanzisha moto, sasa anaogopa. Kuna wahakiki wanaomwona msomi anayesitasita wakati umma umekwisha kuamua, na usomaji huo una sababu zake, ukizingatia Tanzania ya 1969 na maswali yake ya Azimio. Mimi naisikia sauti ya mtu anayeomba mdeki ugote kwanza. Anajua kilichotiwa ndani ni kingi, kwamba makabila yamekwisha kukutana na hasira ipo ya kutosha, lakini anataka kujua kama kimekaa, au kuna nafasi imebaki katikati. Wenzake wanasikia kelele ya baruti nyingi na wanadhani ndiyo nguvu. Hussein hatuambii nani yuko sahihi. Mwisho kabisa Kitunda anataka Kinjeketile aseme maji ni uongo ili watu waache kufa, naye anakataa, kwa sababu adui atalitumia tamko hilo kuwaambia watoto na wajukuu kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Hapo anaikataa tafsiri itakayofanywa baada yake. Anakikataa kile kicheko cha darasani, miaka 100 kabla hakijachekwa.

Udhaifu wa tamthilia, kwa maoni yangu, uko hapohapo penye nguvu yake. Hussein anapenda mawazo, na vitu vinabaki nje ya jukwaa. Njaa tunaisikia mwanzoni kupitia wanawake wanaoongea, na ni sehemu nzuri kupita zote, kwa sababu chakula kinakosekana mbele ya macho yetu. Silaha hazipati bahati hiyo. Tunaambiwa vita, tunaambiwa maji, tunaambiwa risasi. Mtazamaji anabaki na maneno mawili yanayogombana, maji na risasi, bila kujua kwamba yaliwahi kuishi nyumba moja.

Kikundi kitakachoigiza Kinjeketile tena, ningeomba kitu kimoja tu. Kabla ya watu kwenda vitani, mweke mzee mmoja pembeni ya jukwaa na gobori, hata ya mti. Asiseme neno. Apime, atie, aweke kitambaa, aweke risasi, ashindilie mpaka mdeki ugote, atafute fataki mfukoni, asiione, aitafute mfuko wa pili. Dakika nzima, watazamaji wakikohoa na kuangalia simu. Halafu aigize mlinzi wa boma upande wa pili, akae tu chini na kuinua kidole.